Sura ya 6: Tukae Wapi? Kijijini, Mji Mdogo au Jijini

Swali hili hurudi kila mwenye nyumba anapokuja kudai kodi, kila shule inapotangaza mchango mpya, na kila simu inapopigwa kutoka kijijini kwamba mzee anaumwa: hivi tuendelee kukaa hapa, au tuhame? Aliyeko Mbagala huambiwa na ndugu zake wa Njombe kwamba kule viazi havinunuliwi. Aliyeko Njombe huambiwa na rafiki yake wa Mbagala kwamba mjini hela ipo, ni mtu kuchangamka tu. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ushauri wao haumsaidii mtu kuamua.

Sensa zinatuonyesha wengine walivyoamua. Mwaka 1967, katika kila watu 100 wa Tanzania Bara, takribani 6 tu waliishi mjini. Sensa ya 2012 ilikuta karibu 30 katika kila Watanzania 100, na ile ya 2022 ikakuta karibu 35. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao mwaka 1967 haukufikisha watu 400,000, mwaka 2022 ulihesabiwa watu 5,383,728. Takwimu hizohizo zina jambo jingine ambalo halisemwi sana. Karibu Watanzania wawili kati ya watatu bado wako vijijini, na wengi wa wanaohesabiwa kuwa watu wa mjini hawako Dar es Salaam. Wako Kahama, Makambako, Babati, Ifakara, Tunduma na miji mingine ya namna hiyo.

Hoja ya sura hii ni moja. Hakuna mahali palipo nafuu kwa kila mtu. Unafuu hutegemea pesa ya familia inatoka wapi na watoto wake wamefikia umri gani. Ukipima hivyo, utaona kwamba familia nyingi zinazojitafutia, zisizo na mwajiri, zingepumua zaidi katika mji mdogo, yaani mahali ambapo wengi wetu hupapita na basi bila kushuka.

Tuelewane kwanza kuhusu majina

Kijiji, kwa sheria yetu, ni eneo lililoandikishwa, lenye mkutano mkuu wa wanakijiji, halmashauri ya kijiji na vitongoji ndani yake. Mkutano mkuu ni kikao cha watu wazima wote wa kijiji. Halmashauri ni kamati waliyoichagua iwaongoze.

Mji mdogo, kwa lugha ya serikali, ni ngazi ya chini kabisa ya mamlaka za miji. Hapa nitalitumia jina hilo kwa upana zaidi: ni mahali penye soko la kila siku, stendi, benki moja au mbili, sekondari kadhaa, kituo cha afya au hospitali, na unaweza kupavuka kwa bodaboda moja.

Jiji ni hadhi iliyopewa miji ya Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma, ambao ulipandishwa mwaka 2018. Lakini mtu wa Tanga hakai kwenye foleni kama mtu wa Gongo la Mboto. Kwa hiyo ninaposema jiji, fikiria Dar es Salaam kwanza, halafu Mwanza na Arusha.

Pesa yenu inatoka wapi?

Kabla ya kuuliza kodi ya nyumba ya Morogoro ni kiasi gani, mume na mke wakae na daftari. Waandike kila pesa iliyoingia nyumbani katika miezi kumi na miwili iliyopita: mshahara, faida ya genge, mahindi yaliyouzwa, hata hela aliyotuma shemeji. Mbele ya kila kiasi wajiulize: hii ingeingia hata kama tungekuwa tunaishi kwingine?

Majibu yatawaweka katika moja ya makundi haya.

- Mshahara wa serikali. Mwalimu, muuguzi au mtendaji hulipwa kwa ngazi ya mshahara, na ngazi hiyo ni ileile awe Ilala au Kasulu. Kwa watu hawa, sehemu ndogo ina maana pesa ileile inanunua zaidi. Shida yao ni kwamba hawajichagulii kituo. Wengi hubaki wakiomba uhamisho wa kumfuata mwenza.
- Mshahara wa kampuni. Bandari, makao makuu ya benki, viwanda vikubwa na vyombo vya habari vimejaa Dar es Salaam. Anayelipwa huko akihama, kwa kawaida anaiacha kazi.
- Biashara na ufundi. Cherehani, gereji, saluni, duka la vifaa vya ujenzi. Hapa pesa hufuata wateja, na wateja wapo kila mahali. Tofauti ni wangapi, na mnawagombea mafundi wangapi.
- Shamba na mifugo. Pesa iko kwenye ardhi na mvua. Aliye mbali na shamba lake hulipa kwa kuibiwa au kwa kudanganywa.

Familia nyingi zina mchanganyiko. Mke ana mshahara wa ualimu, mume ni fundi. Au mume yuko kampuni, mke anauza vitenge. Angalia ni fungu lipi kubwa, na lipi lisiloweza kuhamishika. Hilo lisiloweza kuhamishika ndilo lipewe uzito wa kwanza.

*Kwa ufupi: usilinganishe bei za nyanya kabla hujajua ni pesa ipi mtaipoteza kwa kuhama.*

Jiji: pesa inaingia, muda unatoka

Tumchukue fundi wa friji anayefanya kazi Kariakoo na kulala Chanika. Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tukiweka nauli ya sh 600 kwa kila gari, ni sh 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni sh 62,400 kwa mwezi. Hizo anaziona, kwa sababu anazitoa mfukoni. Asichokihesabu ni muda. Akitumia saa mbili kwenda na mbili kurudi, kwa mwezi amekuwa ndani ya daladala kwa saa 104. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa nane: ni siku 13. Nusu ya mwezi mwingine wa kazi, asiolipwa na mtu. Akitoka watoto wamelala, akirudi wamelala, na Jumapili yeye ndiye anayelala.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji yaliwapunguzia safari waliokaa kando ya Barabara ya Morogoro. Ila kodi nafuu iko kule ambako usafiri ni mgumu. Unachookoa kwenye kodi, unakilipa barabarani.

Halafu kuna namna ya kulipa. Wenye nyumba wengi jijini wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Vyumba viwili vya sh 100,000 kwa mwezi vinadai sh 600,000 siku moja, na mwenye kipato cha siku kwa siku hana mahali pa kuzitoa ila kwenye kikoba au kwa wale wakopeshaji ambao mtaani mikopo yao imepewa jina la kausha damu. Vilevile, asiye na akiba hununua kidogokidogo: mafuta ya kupimiwa, unga robo, mkaa wa kopo. Ukikusanya vipimo vile mwisho wa mwezi, amenunua kwa bei kubwa kuliko jirani yake anayenunua gunia.

Kwa nini basi watu hawaondoki? Kwa sababu jiji lina kitu ambacho kwingine hakipo: nafasi ya kuanguka na kuinuka. Duka likifa Manzese, unaweza kuwa wakala wa pesa za simu Tandika. Ukifukuzwa kazi Jumatatu, kuna viwanda vingine vya kuulizia Jumanne. Jiji pia ni kimbilio. Mjane aliyenyang'anywa shamba na wakwe, binti aliyekataa kuolewa mapema, kijana ambaye kijijini jina lake limeshaharibiwa, hupata jijini mahali pa kuanza bila kuulizwa ukoo wao. Anayewaambia watu hao warudi kijijini kwa sababu maisha ni nafuu hajui walichokikimbia.

Na kuna hospitali. Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Ocean Road ya wagonjwa wa saratani zote ziko Dar es Salaam. Tutalirudia hili.

Mkiamua jiji, chagueni mtaa kwa makini kuliko mnavyochagua nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyolikumba Bonde la Msimbazi yaliilazimu serikali kuwahamishia waathirika wengi Mabwepande. Kiwanja kikaguliwe wakati wa masika. Kiangazi kila bonde ni kavu.

*Kwa ufupi: jiji linawafaa wale ambao pesa yao haiwezi kupatikana kwingine, wanaoanza upya, na wanaohitaji daktari bingwa. Kwa waliobaki, gharama yake kubwa ni saa.*

Kijiji: chakula kipo, fedha taslimu haba

Sifa kubwa ya kijiji ni kwamba mtu hanunui kila anachokula. Tupige hesabu. Familia ya watu sita inayokula kilo mbili za unga wa dona kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani gunia saba na zaidi kidogo za kilo mia. Eka moja ya mahindi isiyotiwa mbolea mara nyingi haizidi gunia tano au sita. Kwa hiyo ugali peke yake unataka kama eka moja na nusu, mvua ikiwa ya kawaida. Mkikoboa sembe, ongezeni. Bado hatujasema habari ya maharage, mboga wala mahindi ya kuuza ili watoto wapate sare. Anayerudi kijijini na eka moja akidhani ametosheka ajue kwamba Februari na Machi atakuwa ananunua chakula pamoja na wengine, na hapo ndipo bei iko juu kabisa.

Hilo ndilo tatizo la pili: pesa ya kijijini ina msimu. Huja kwa wingi baada ya mavuno, ikaisha Desemba, na Januari shule zinapofunguliwa mfuko ni mtupu. Asiye na ng'ombe, mbuzi au kuku wa kuuza katikati ya mwaka ataishia kuuza mahindi yake yakiwa bado shambani, kwa bei ya mnunuzi.

Kijiji cha leo hata hivyo si kile cha mwaka 1980. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi 2007, na umeme umefika vijiji vingi ambavyo watu wazima wake walisomea koroboi. Umeme huleta mashine ya kusaga, saluni, fundi wa kuchomelea na friji ya kuhifadhia samaki. Familia yenye ufundi wa aina hiyo inaweza kuwa ya kwanza mahali ambapo jijini ingekuwa ya mia.

Ardhi ndiyo inayowavuta wengi, na ndiyo inayowaliza. Kumbuka mambo haya kuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999:

1. Halmashauri ya kijiji hugawa ardhi ya kijiji, lakini haina mamlaka ya kufanya hivyo bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi. Omba kuona muhtasari wa kikao.
2. Kuna hati ya haki miliki ya kimila, ambayo ni cheti kinachoonyesha kuwa kipande fulani cha ardhi ya kijiji ni chako. Ombeni iandikwe majina ya wote wawili, mume na mke.
3. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Dada aliyeambiwa kwamba wa kike harithi ana mahali pa kwenda kulalamika.

Mwisho, jihadharini na kilimo cha simu. Hicho ni kilimo cha mtu aliyeko mjini anayepiga hesabu za matikiti kwenye karatasi, anatuma hela ya mbegu, ya palizi, ya dawa, kisha anapigiwa simu kwamba mvua imegoma. Kama ndoto yenu ni kilimo, mmoja wenu akae na shamba msimu mzima kabla familia haijahama. Msimu mmoja wa jembe hufundisha zaidi ya video zote za ufugaji wa sungura.

*Kwa ufupi: kijiji kinawafaa wenye ardhi ya kutosha iliyo salama kisheria, wenye kitu cha kuuza nje ya msimu, na wanaoweza kusimamia kazi kwa macho yao.*

Mji mdogo: mahali tunapopapita

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya utafika Makambako, ambako barabara ya Songea inachepuka. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, nayo inapita hapo. Barabara mbili na reli zimewafanya watu wauze na wanunue, na mji umekua kwa ajili hiyo. Kibaigwa, kati ya Morogoro na Dodoma, umejengwa na soko la mahindi. Mafinga unaishi kwa mbao za msitu wa Sao Hill. Tunduma unaishi kwa mpaka wa Zambia, Kahama kwa mpunga na dhahabu.

Miji hii ina jambo moja la pamoja: imekaa kati ya mkulima na jiji, na kila kitu kinachopita kinaacha kitu. Mkulima akiuza gunia zake hapo, anatafuta bati, simu, sare na fundi wa pikipiki palepale. Kwa hiyo fundi cherehani wa Makambako ana wateja wenye pesa kila baada ya mavuno, na bado anaweza kumaliza kazi saa kumi na moja na kufika nyumbani kwa miguu saa kumi na moja na robo. Wale watoto ambao fundi wetu wa Chanika huwakuta wamelala, huyu anawakuta wanafanya kazi za shule.

Maisha ya kila siku nayo ni ya nusu kwa nusu. Mahindi unanunua kwa gunia Julai, bei ikiwa chini, unahifadhi. Eka mbili za kukodi zinaweza kupatikana umbali wa baiskeli. Kiwanja bado kinaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida, akajenga chumba kimoja kimoja. Sekondari ipo, kituo cha afya kipo, na basi la Dar es Salaam linapita asubuhi.

Sasa kasoro zake, kwa sababu zipo.

Ya kwanza, mji mdogo mara nyingi unasimama kwa mguu mmoja. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, wauza chakula na wenye nyumba za kupanga waliotegemea wafanyakazi wake walilazimika kutafuta wateja wengine. Kabla ya kuhamia, uliza: kitu hiki kinachouweka mji huu hai kikiondoka, nini kitabaki? Hata stendi kuhamishwa kilometa tatu kunatosha kuua safu nzima ya maduka.

Ya pili, soko hujaa haraka. Saluni ya kwanza hupata wateja, ya pili hugawana nao, ya sita hufungwa. Usilete biashara kwa sababu umeona inakwenda. Lete ile ambayo watu wa pale wanapanda basi kuifuata kwingine.

Ya tatu ni malori. Miji ya njia panda ina nyumba za wageni, baa na madereva wenye pesa wanaolala usiku mmoja. Njombe, mkoa wa Makambako, umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Mzazi mwenye mabinti na vijana wa miaka kumi na minne azungumze nao waziwazi, na achague nyumba mbali na barabara kuu.

Ya nne, kila mtu anakujua. Wengine hilo huwapa usalama, wengine huwakosesha pumzi.

*Kwa ufupi: mji mdogo unawafaa mafundi, wafanyabiashara wadogo na watumishi wa serikali, hasa wenye watoto wa shule. Chagua ule wenye zaidi ya kitega uchumi kimoja.*

Watoto wana miaka mingapi? Wazee wana hali gani?

Mtoto wa chini ya miaka sita anahitaji mtu wa kumwangalia, chakula na zahanati ya chanjo. Zahanati ni ngazi ya kwanza ya huduma ya afya; juu yake kipo kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, na kuendelea. Katika umri huu, kijiji chenye bibi na zahanati ya karibu kinalishinda jiji lenye dada wa kazi anayebadilishwa kila baada ya miezi minne. Mtoto huyo pia atajua Kihaya au Kinyakyusa kabla Kiswahili hakijaimeza lugha ya nyumbani.

Kuanzia darasa la kwanza mambo hubadilika. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha sita. Sare, daftari na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Jijini, shule za pembezoni zimefurika kiasi kwamba nyingine husomesha kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Uliza mtoto wako atakuwa wapi ile nusu nyingine ya siku. Kijijini, tatizo ni umbali wa sekondari ya kata. Binti anayetembea kilometa saba hukutana kila siku na mwendesha bodaboda anayempa lifti, na wazazi wengi wanajua lifti ile huishia wapi. Kama hakuna hosteli, yaani bweni la kulala karibu na shule, pimeni mara mbili.

Kidato cha tano na cha sita hali hubadilika tena. Serikali huwapangia wanafunzi shule popote nchini, nyingi zikiwa za bweni, na chuo kikuu mtu hufuata chuo. Kwa hiyo kipindi ambacho makazi ya wazazi yana uzito mkubwa kwa elimu ya mtoto ni kama miaka kumi tu, kati ya darasa la kwanza na kidato cha nne. Familia inaweza kuipanga miaka hiyo.

Ugonjwa hauna ratiba hiyo. Mtoto mwenye selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, au mzee anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, haishi mbali na hospitali yake. Si lazima iwe Dar es Salaam: KCMC iko Moshi, Bugando iko Mwanza, Benjamin Mkapa iko Dodoma, na Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda. Kukiwa na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, chora duara kuzunguka hospitali inayomhudumia, kisha utafute nyumba ndani yake.

Mguu mmoja huku, mmoja kule

Ukweli ni kwamba familia nyingi hazichagui sehemu moja. Wachaga waliotawanyika nchi nzima wanarudi Kilimanjaro kila Desemba, na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba ya ukoo, bado ni lao. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi walihama peke yao, wakaacha wenza na watoto Dar es Salaam. Treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 imeifanya safari hiyo iwe ya chini ya saa nne, na sasa mtu anaweza kuwa nyumbani kila Ijumaa.

Mpango huu una faida, ila una bei: umeme wa LUKU mara mbili, majiko mawili, na ndoa inayoishi kwa simu. Wakuu wa familia wakiuchagua, wakubaliane mambo matatu mapema: utakwisha lini, kila mmoja atume na kupokea kiasi gani, na nani anaamua mtoto anapougua usiku. Na asiuze mtu nyumba ya familia ili kuanzisha maisha ya pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Kabla ya kufunga mizigo

- Nendeni mkaone wakati mbaya: masika kwa jiji, Februari kwa kijiji, siku ya kawaida isiyo ya mnada kwa mji mdogo.
- Ongeeni na watu wasiokuwa na kiwanja cha kuwauzia: mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, mama lishe wa stendi.
- Pangeni kwanza. Ujenzi usubiri mwaka mmoja upite.
- Shughulikieni uhamisho wa shule kabla muhula haujaanza, na jitambulisheni kwa serikali ya mtaa au ya kijiji wiki ya kwanza.
- Msiuze shamba la nyumbani kugharimia kuhama. Mkataa kwao mtumwa, na asiye na pa kurudi hulipokea lolote analopewa ugenini.
- Wasikilizeni watoto wenye umri wa kujieleza. Hawaamui wao, lakini mara nyingi wanajua jambo ambalo nyinyi hamlioni.

Uamuzi wangu

Kama mna mwajiri wa jijini anayelipa vizuri, au mgonjwa anayehitaji bingwa, kaeni jijini, lakini sogeeni karibu na kazi hata kama chumba kitapungua. Kama mna ardhi ya kutosha yenye hati na mifugo ya kuziba pengo la Januari, kijiji kitawalea vizuri, hasa watoto wakiwa wadogo au wakiwa wameshaondoka nyumbani. Na kama mnajitafutia wenyewe, mna ufundi au mtaji mdogo, na watoto wako kati ya darasa la kwanza na kidato cha nne, jibu langu ni mji mdogo wenye barabara nzuri na zaidi ya soko moja, pamoja na shamba la nyumbani ambalo halijauzwa. Safari ijayo basi litakaposimama kwa dakika kumi katika mji wa namna hiyo, shukeni, mwulizeni muuza duka kodi ya chumba ni kiasi gani, na andikeni jibu lake kwenye daftari lile lenye mapato yenu ya mwaka.